Kujihesabu Kazini: Daftari la Benjamin Franklin

Mwenye duka hodari hafungi mlango jioni kabla hajahesabu fedha za siku na kuona ni bidhaa gani iliyopungua. Mkulima wa kahawa naye huandika kilo alizopeleka kiwandani, kwa kuwa ajua ya kwamba asipoandika huenda akapunjwa. Lakini watu hawa hawa, pamoja na karani anayewaandikia risiti, hupitisha miaka kumi kazini pasipo kuhesabu hata siku moja jinsi wao wenyewe walivyofanya kazi. Cheo kikimpita karani, husema kuna upendeleo. Mavuno yakiwa haba, mkulima husema ni mvua. Huenda ni kweli, maana upendeleo upo, na mvua haina ahadi. Walakini mtu asiye na maandishi ya kazi yake hawezi kujua lipi ni la mvua na lipi ni la jembe lake.

Miongoni mwa watu waliojihesabu kwa maandishi, Benjamin Franklin wa Marekani anafaa sana kutazamwa, kwa sababu alianza chini kabisa. Alizaliwa Boston mwaka 1706, mwana wa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni aliyekuwa na watoto 17. Shuleni hakukaa zaidi ya miaka miwili. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alitiwa kwa ndugu yake ajifunze kazi ya kupiga chapa. Na alipofika miaka 17 akatoroka, akaenda Philadelphia. Mwaka 1736 akachaguliwa kuwa karani wa Baraza la koloni la Pennsylvania. Kwa kukiri kwake mwenyewe, majadiliano ya Baraza yalimchosha hata akawa akichora miraba ya tarakimu huku wengine wakihutubu. Makarani waliokwisha kuandika kumbukumbu za mikutano mirefu watamsamehe.

Karibu na mwaka 1730, alipokuwa bado kijana, Franklin aliazimu kuziondoa kasoro zake zote. Akaandika sifa 13 alizotaka kuwa nazo, kama vile kiasi katika kula na kunywa, kunyamaza, utaratibu, bidii, haki na unyenyekevu. Kila sifa aliipa maelezo mafupi yenye kueleweka, kwa kuwa aliona ni heri kuwa na majina mengi yenye maana nyembamba kuliko jina moja kubwa lisilokamatika. Kisha akatengeneza kitabu kidogo, akapiga mistari kwa wino mwekundu: safu saba za siku za juma, na mistari 13 ya zile sifa. Kila jioni alijichunguza, na pale alipokosa akatia doa jeusi.

Hakujaribu kupigana na kasoro zote kwa wakati mmoja. Kila juma alilinda sifa moja kwa uangalifu mkubwa, nyingine akaziacha ziende kama kawaida, ila doa lao aliliandika vile vile. Majuma 13 yakiisha alirudi mwanzo, hata mwaka mmoja ukatosha mizunguko minne. Alijifananisha na mtu anayepalilia bustani, ambaye hang'oi magugu yote kwa siku moja bali hushika tuta moja, akilimaliza ndipo aende la pili. Mkulima hahitaji kufafanuliwa neno hilo.

Jambo la kwanza aliloliona lilimshangaza: kasoro zake zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani. Alikuwa akifuta madoa ya zamani ili aanze mzunguko mpya, hata karatasi ikatoboka. Basi akahamishia mistari yake kwenye kurasa za pembe ya ndovu, akaandika kwa penseli na kufuta kwa sifongo iliyoloa maji.

Sifa iliyomshinda kabisa ni utaratibu. Aliweka ratiba ya saa 24: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kazi, chakula cha mchana pamoja na kusoma na kukagua hesabu, kazi tena, na jioni kurudisha kila kitu mahali pake na kuihesabu siku. Lakini akaona kwamba ratiba ya namna hiyo yamfaa kibarua wa kiwanda cha chapa, ambaye saa zake ni zake, wala haimfai bwana wa kazi anayepaswa kuwapokea watu kila wanapokuja. Karani akaaye dirishani ajua jambo hili. Tena Franklin alikuwa na kumbukumbu nzuri, kwa hiyo hakuwahi kuona hasara ya kutupa karatasi zake ovyo, na mazoea hayo yakaota mizizi.

Hapo ndipo alipotoa hadithi ya shoka. Mtu mmoja alinunua shoka kwa mhunzi jirani yake, akataka bapa lote ling'ae kama makali. Mhunzi akakubali, mradi mwenye shoka azungushe jiwe la kunolea. Mhunzi akalikandamiza bapa juu ya jiwe kwa nguvu, na yule mtu akazungusha, akachoka. Kila mara aliacha gurudumu kwenda kutazama, hata mwisho akasema atalichukua vivyo hivyo. Mhunzi akamsihi aendelee, kwani shoka lingali na madoadoa tu na litang'aa baadaye. Mtu yule akajibu kwamba kwa kweli yeye apenda zaidi shoka la madoadoa. Ni mara ngapi mtu huanza mwaka na azimio la kujifunza kupiga taipu au hesabu za vitabu, na ifikapo Machi akagundua ya kuwa yeye hakuumbwa kwa mambo hayo!

Unyenyekevu haukuwamo katika orodha ya kwanza. Sifa zilikuwa 12, hata rafiki yake mmoja, Mkweka, akamwambia kwa upole kwamba watu humwona ana kiburi, na katika mabishano hatosheki na kushinda bali hukandamiza. Akampa na mifano. Franklin hakukasirika, akaongeza mstari wa 13. Tangu hapo akaacha kusema “hakika” na “bila shaka”, akasema tu kwamba aonavyo yeye jambo li hivi. Ingawa hakuwa msemaji hodari, na mara nyingi alitafuta neno la kutumia, aliona ya kuwa tabia hiyo ndiyo iliyowafanya watu wafuate mashauri yake barazani.

Lakini nyani haoni kundule, na daftari halimponyi. Franklin alimiliki watumwa nyumbani mwake kwa miaka mingi, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuuza watu. Si kwamba hakuonywa: mtambo wake wenyewe ndio uliopiga chapa vitabu vya Ralph Sandiford, mwaka 1729, na Benjamin Lay, mwaka 1737, vilivyoshutumu utumwa. Mstari wa haki ulikuwamo katika kitabu chake, na doa hilo halikuandikwa. Ni katika uzee wake, mwaka 1787, alipokubali kuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kukomesha utumwa, na Februari 1790, miezi miwili kabla ya kufa, akatia sahihi ombi kwa bunge la Marekani juu ya jambo hilo. Basi yampasa anayejihesabu amwulize pia mtu mwingine, hasa yule aliye chini yake: tarishi, kibarua, mke wake.

Siku hizi jambo hili limepimwa. Mwaka 2014 wataalamu wa Harvard na wenzao walitoa habari za jaribio lililofanywa katika kampuni ya Wipro, India. Baadhi ya wafanyakazi wapya waliacha kazi dakika 15 kabla ya mwisho wa siku ya mafunzo, wakaandika yale waliyojifunza. Katika mtihani wa mwisho waliwashinda wenzao kwa karibu asilimia 23, ingawa wenzao walikaa kazini muda mrefu zaidi.

Mistari 13 ni mingi kwa mwenye kuanza. Mitatu yatosha, nayo iwe ya mambo yanayohesabika. Karani aweza kuandika idadi ya barua zilizolala mezani pake, makosa ya hesabu yaliyorudishwa na mkuu wake, na mara alizomjibu kwa ukali mzee aliyefika dirishani. Mkulima naye aandike siku aliyopanda na siku ya mvua ya kwanza, maziwa ya kila ng'ombe, na siku zilizopotea sokoni pasipo haja. Daftari hilo lisikae katika meza ya ofisi, ambako mwenye hofu ya kusomwa atajiandikia sifa tu. Franklin lake alitembea nalo.