Selfi na ndovu? Tusidanganyane

Mpiga picha wa papa baharini hulazimika kusogea karibu kwa sababu maji hufifisha mwanga na kumeza rangi. Sisi tunaopita barabara ya Voi–Taveta hatuna kisingizio hicho. Lakini ndovu wekundu wa Tsavo wakitokea karibu na Bura, kuna vijana wanaoshuka garini, simu juu, wakisaka laiki. Jamani! Ndovu dume hufikia tani 6, na mbio humwezi. Akitanua masikio na kukukazia macho, hilo ni onyo. Baki garini, kuza picha kwa simu, usimzibie njia. Wewe utarudi Mombasa na selfi yako. Ndovu uliyemchokoza atabaki na mkulima wa Bura.