Sheria ya Shule Iishie Wapi?

Je, shule ina haki ya kumwadhibu mwanafunzi kwa neno alilolisema nje ya lango lake?

Mwaka 2017, huko Pennsylvania, Marekani, msichana mmoja aliyekosa nafasi katika kikundi kikuu cha washangiliaji wa michezo aliandika matusi juu ya shule yake kwenye Snapchat, Jumamosi, akiwa dukani. Shule ikamsimamisha ushangiliaji mwaka mzima. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikampa haki msichana, kwa kura 8 dhidi ya 1: nje ya shule, malezi kwa kawaida ni wajibu wa wazazi. Hata hivyo haikuinyima shule mamlaka yote. Vitisho na uonevu mkali juu ya walimu au wanafunzi vyaweza kuadhibiwa hata vikitokea nje.

Mpaka huo ni wa haki. Anayemtesa mwenzake kwa simu usiku humfanya aingie darasani kwa hofu asubuhi. Hapo shule isinyamaze. Bali anayenung'unika tu, na aonywe nyumbani. Shule ikimfuata mtoto saa 24, itamfundisha kuogopa macho ya watu, si kupenda mema.

Tujiulize basi: tukivua sare, tunabaki na adabu ipi?