Neno la Mhariri: Songwe Isinunue Timu

Hoja ya kuununulia Mkoa wa Songwe timu ya Ligi Kuu imerudi tena, na wanaoisema wanaamini wamepata njia ya mkato. Wanasema mkoa una watu zaidi ya milioni 1.3 kwa Sensa ya 2022, Tunduma peke yake inapita laki mbili, fedha ya mpakani ipo, na tangu tumegwe kutoka Mbeya mwaka 2016 hatujawahi kuwa na timu Ligi Kuu Bara. Basi atafutwe mwenye timu aliyechoka, alipwe, timu ihamie kwetu ikiwa na jina jipya, na msimu ujao Simba na Yanga waje Tunduma badala ya sisi kuwafuata Uwanja wa Sokoine, Mbeya, kilomita mia hivi. Toleo hili la historia za klabu tumeliandaa kuipinga hoja hiyo, na sitaki kulificha hilo nyuma ya maneno kwamba eti tunachochea mjadala tu. Ninaamini timu ya kununua itatuacha kama ilivyowaacha wengine, na ushahidi haupo mbali.

Tuanze na jirani. Ihefu ilikuwa timu ya Ubaruku, wilayani Mbarali, ikabeba jina la ardhioevu ya Usangu na kucheza Highland Estates, katikati ya nchi ya mpunga. Ilionja Ligi Kuu msimu wa 2020/21, ikashuka, ikarudi 2022/23. Tarehe 29 Novemba 2022 iliifunga Yanga mabao 2-1 na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Oktoba 2023 Yanga wakarudi palepale na kufungwa tena 2-1. Tangu Tukuyu Stars ya Rungwe, sijui timu nyingine ya wilaya katika Nyanda za Juu Kusini iliyowapa watu wake siku mbili za namna hiyo. Kabla msimu huohuo wa 2023/24 haujaisha, Ihefu ilikuwa inachezea nyumbani Singida, na msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Sasa ushindi ule ni wa nani? Mtu wa Ubaruku aliyeushuhudia hana timu ya kuuhesabia, na shabiki wa Singida aliye na timu hakuwepo. Mwandishi wa historia ya klabu akifika hapo anakosa mwenyewe wa kumwandikia. Kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa, kuliko mapato ya mlangoni ambayo Mbarali imeyapoteza.

Singida nayo isionekane mkosaji, kwa kuwa ilitendewa hivyohivyo. DTB ya Dar es Salaam ilipanda daraja mwaka 2022, ikahamia Singida ikawa Singida Big Stars, kisha Singida Fountain Gate, kisha ikaondoka, ikapita Mwanza na kuishia Babati kwa jina la Fountain Gate. Ihefu ililetwa kuziba pengo. Wapo watakaosema: lakini Singida imeona mpira wa Afrika, timu zake zimecheza mashindano ya CAF, uwanja wa Liti umejaa, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba katika safari yote hiyo wananchi wa Singida hawakuulizwa lolote, wala timu ilipokuja wala ilipoondoka, na iliyopo leo hawana karatasi inayoizuia kuondoka kesho.

Ndiyo maana makala ndefu kuliko zote katika toleo hili inahusu klabu ambayo wasomaji wengi wa Vwawa na Tunduma hawajawahi kuisikia: Grêmio Barueri ya Brazili. Barueri ni mji wenye fedha pembeni mwa São Paulo. Klabu yake ilianzishwa 1989, ikaingia soka la kulipwa mwaka 2001, na kwa msukumo wa fedha za manispaa ikapanda madaraja kwa kasi hadi kufika Ligi Kuu ya Brazili, Série A, mwaka 2009. Msimu huo wa kwanza ilimaliza katikati ya msimamo, mbele ya klabu zenye umri wa karne. Mapema mwaka 2010, baada ya wenye timu kutoelewana na manispaa, ikahamishiwa Presidente Prudente, zaidi ya kilomita 500 magharibi, na kuitwa Grêmio Prudente. Prudente ilikuwa na kila kinachotajwa na watetezi wa ununuzi hapa kwetu: uwanja mkubwa, mji uliokuwa na kiu ya Ligi Kuu, viongozi walioifungulia milango. Mwaka huohuo timu ikashika mkia na kushuka daraja. Mwaka 2011 ikarudishwa Barueri na kuendelea kuporomoka, na Prudente ikabaki na uwanja usio na timu. Sehemu ya mwisho ya kisa hiki ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mwaka 2017 Barueri iliipokea Oeste, klabu iliyozaliwa Itápolis mwaka 1921, na miaka michache baadaye Oeste nayo ikaanza kushuka daraja baada ya daraja. Mji uliopokonywa ukaenda kupokea cha mji mwingine, na Itápolis, iliyokaa na klabu yake zaidi ya miaka tisini, ikaachwa mikono mitupu. Anayesoma habari hiyo akiwa anakumbuka Mbarali na Singida hahitaji mkalimani.

Wabrazili walijifunza kitu, na hapa ndipo ninapotaka watu wa TFF watusome kwa makini. Sheria namba 14.193 ya mwaka 2021 iliruhusu klabu za wanachama kuunda kampuni na kuuza hisa kwa mwekezaji, hata hisa nyingi kabisa. Lakini ikaweka sharti kwamba klabu mama inabaki na hisa za daraja maalumu, na hata zikiwa chache namna gani, bila ridhaa yake mwekezaji hawezi kubadilisha jina, nembo, wimbo wala rangi za timu, wala kuhamishia makao yake manispaa nyingine. Fedha inaingia, lakini timu haiondoki. Sisi kutoka Brazili tumechukua makocha na wachezaji: Márcio Máximo aliyeifikisha Taifa Stars CHAN ya 2009, Coutinho na Jaja wa Yanga, Robertinho wa Simba, Bruno Gomes wa hiyohiyo Singida Big Stars. Hatukuchukua sheria inayoeleza klabu ni mali ya nani, ambayo ingetufaa kuliko kiungo mshambuliaji yeyote.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: klabu zilizobaki nyumbani nazo zinakufa. Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986, ikiwa ndiyo kwanza imepanda, na leo haipo Ligi Kuu. Brazili kwenyewe klabu za wanachama zimezama katika madeni. Cruzeiro ilishuka daraja mwaka 2019 na ikamhitaji Ronaldo na fedha yake ili irudi juu mwaka 2023. Nakubali yote hayo. Sidai kwamba wanachama ni dawa ya uongozi mbovu. Ninachodai ni kwamba klabu iliyoanguka ikiwa kwao ina mahali pa kuinukia. Santos ilishuka mwaka 2023 kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikacheza daraja la pili palepale katika uwanja wake wa Vila Belmiro, ikarudi. Mbeya City, timu iliyoanzishwa na Halmashauri ya Jiji na kumaliza nafasi ya tatu msimu wake wa kwanza wa 2013/14, ilishuka mwaka 2023 na imerejea Ligi Kuu msimu wa 2025/26 kwa jina lilelile, kwa watu walewale. Sipendi klabu kutegemea bajeti ya halmashauri, lakini halmashauri haiwezi kuibeba timu usiku kwenda mkoa mwingine. Hata Tukuyu Stars, kwa kuwa haikuuzwa, ubingwa wake bado ni wa Rungwe na utaendelea kuwa wa Rungwe.

Watasema Tanzania tayari ina kanuni ya 51 kwa 49, yaani wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa na mwekezaji asizidi 49. Ndiyo, na ni kanuni nzuri, lakini inalinda klabu zilizoanzishwa na wanachama, yaani inazilinda hasa Simba na Yanga, ambazo hakuna mwenye akili angejaribu kuzihamisha. Timu ya mtu mmoja au kampuni moja iko nje ya ulinzi huo, na ndizo hizo zinazohamahama. Kinachotakiwa ni kuifunga leseni ya klabu na mkoa wake: mmiliki akichoka, auze hisa kwa yeyote, lakini timu ibaki, akishindwa, nafasi irudi ligini igombewe uwanjani.

Na Songwe haianzii sifuri, jambo ambalo wanunuzi wanalisahau. Kimondo ya Mbozi ilikuwa Daraja la Kwanza msimu wa 2015/16, ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu, wakati mkoa huu unazaliwa. Fedha inayotafutwa leo kwa ajili ya kununua nafasi ya wageni ingeweza kuanzisha klabu ya wanachama yenye katiba, pale Kimondo ilipoachia: wakulima wa kahawa wa Mbozi kupitia AMCOS zao, wafanyabiashara wa mpakani, madereva, bodaboda, kila mmoja na kadi yake na kura yake. Kupanda kutoka Ligi ya Mkoa kupitia Mabingwa wa Mikoa, First League na Championship kutachukua miaka kadhaa hata mambo yakienda vizuri. Sioni kwa nini mkoa ulioumbwa juzi uione miaka hiyo kuwa mingi.

Makala nyingine nazigusa tu. Ile ya klabu za migodi ya Copperbelt imeandikwa vizuri, ingawa mwandishi anawasamehe mno wawekezaji wa miaka ya 1990. Ile ya jezi isomwe kwa picha zake. Uchambuzi wa waamuzi tumeuchapa kwa sababu uliahidiwa toleo lililopita. Toleo lijalo lote tunaligawia Kimondo: mwenye ratiba za mechi, picha za kikosi, kadi za uanachama au daftari la mapato ya mlangoni avilete ofisini vinakiliwe, na vitarudishwa kwake siku hiyohiyo.