Pampasi ya chupi: angalia saa kabla ya bei

Mzazi mwenzangu, baridi ya Juni ikishaingia Njombe, chumba changu hujaa watoto wa aina mbili: wanaokohoa na wenye vidonda chini ya pampasi. Hawa wa pili huletwa wamechelewa, maana mama ameshajaribu dawa tatu za dukani kabla ya kufika.

Mwaka jana nilimpokea mtoto wa mwaka mmoja na miezi tisa kutoka Makambako. Mama yake anauza chakula karibu na stendi, anatoka alfajiri, na mtoto anashinda na dada wa kazi. Alikuwa ameanza kumfundisha kwenda chooni, kwa hiyo akamnunulia zile pampasi za kupandisha kama chupi, moja moja, kutoka kwenye mfuko mkubwa wa nailoni usio na jina wala tarehe. Ngozi ilikuwa nyekundu hadi ndani ya mikunjo ya mapaja, na pembeni vipele vidogo vimetawanyika. Hiyo ni dalili ya fangasi. Nilipouliza anabadilishwa mara ngapi, mama alijibu kwa sauti ya chini: asubuhi na jioni.

Sikumlaumu. Kwa baridi yetu ya Julai nguo inaweza kumaliza siku mbili kwenye kamba bila kukauka, na kumvua mtoto suruali mbili na sweta ili umwoshe kwa maji baridi ni kumtesa. Halafu pampasi yenyewe inadanganya. Ndani ina chembe zinazogeuka jeli zikikutana na mkojo, kwa hiyo ukiigusa juu unaona pakavu, kumbe joto na unyevu vimefungiwa humo. Kinyesi kikichanganyika na mkojo, ukali wake kwenye ngozi huongezeka. Ngozi inalainika, inachubuka, na fangasi wanapata makazi.

Ndiyo maana kwangu swali la kwanza ni amekaa nayo saa ngapi. Hata ya bei kubwa, ikikaa kutwa, itamchubua. Mchana badilisha kila baada ya saa mbili hadi tatu, na papo hapo akipata haja kubwa. Kwa fedha ileile, mimi ningenunua chache zilizo nzuri, nikazitunza kwa usiku na kwa safari ya basi. Mchana akiwa nyumbani avae chupi ya pamba na suruali nzito juu yake. Akijikojolea atasikia ubaridi, na hapo ndipo anapoanza kujifunza, kwani mtoto asiyesikia unyevu hana sababu ya kutafuta poti. Chupi zisizokauka zipigwe pasi. Tafadhali, jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa ili kukausha nguo. Hewa yake inaua.

Ukifika dukani, beba kadi ya kliniki. Saizi ya pampasi hupimwa kwa kilo, na uzito wa mwanao umeandikwa humo. Inayobana huacha alama mapajani na kuchubua. Nunua iliyo kwenye pakiti yake, yenye jina la mtengenezaji, tarehe na alama ya ubora ya TBS. Chagua isiyo na manukato. Januari 2019 shirika la usalama wa afya la Ufaransa, ANSES, lilitoa ripoti baada ya kukuta masalia ya kemikali, formalini ikiwemo, kwenye baadhi ya pampasi zilizouzwa nchini humo, na likataka watengenezaji waondoe manukato. Haikuwa ripoti ya watoto walioumwa, ilikuwa tahadhari, lakini harufu nzuri haimsaidii mtoto chochote.

Nyumbani jaribu moja: mwagia nusu glasi ya maji, subiri dakika chache, kandamiza kwa karatasi laini. Karatasi ikilowa, au chembe za jeli zikitoka, usimvalishe. Mtoto akizitafuna zinaweza kumkaba. Ikichafuka, ichane pembeni badala ya kuivuta hadi miguuni. Kinyesi kimwage chooni kwanza, pampasi yenyewe usiitupe kwenye shimo la choo. Haiozi, na shimo litajaa kabla ya wakati.

Ngozi ikianza kuwa nyekundu, osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa, mwache bila pampasi kwa muda, kisha paka mafuta ya zinki au vaselini kwa wingi. Poda achana nayo, vumbi lake huingia kwenye mapafu.

Kinachonikera zaidi ni zile tyubu za dawa ya mchanganyiko ambazo jirani anakwambia zinaponya kila kitu. Nyingi zina steroidi kali. Chini ya pampasi dawa hiyo hufyonzwa zaidi kuliko mahali pa wazi, ngozi inakuwa nyembamba, na nyingine huingia hadi kwenye damu. Mtoto yule wa Makambako alikuwa amepakwa mojawapo kwa wiki tatu. Wekundu ulipungua, fangasi wakaenea.

Usisubiri nyumbani ukiona malengelenge, usaha, homa, mtoto analia akikojoa, au siku tatu zimepita bila nafuu. Mlete kituo cha afya kilicho karibu nawe, na njoo na kila tyubu uliyompaka, hata ile uliyopewa na bibi.