Andalio la Somo na Uamuzi wa Mwalimu

Mwalimu aliye katikati ya kipindi hufanya mambo matatu karibu kwa mpigo mmoja: huona dalili darasani, huzipa maana, kisha huamua la kufanya. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani Victoria Jacobs, Lisa Lamb na Randolph Philipp waliyachunguza mambo hayo katika ufundishaji wa hisabati. Uzoefu wa kazi ulionekana kuwasaidia walimu kuona na kufasiri fikra za watoto, lakini haukutosha kuwafunza kuamua hatua inayofuata. Hilo lilihitaji mafunzo kazini ya muda mrefu.

Ugumu huo hujitokeza wazi katika somo la sehemu. Mtoto anajumlisha 1/2 na 1/3, anapata 2/5, kwa kuwa amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kosa likiwa katika daftari moja, inatosha mwalimu kuinama na kumuuliza kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Likienea dawati hadi dawati, ni heri asimamishe zoezi na kurudi ubaoni, hata kama andalio la somo linamtaka awe amekwishafika mbali. Kutia mkasi mwekundu na kupita hakumfunzi mtoto chochote.

Ziko dalili zinazodanganya. "Mmeelewa?" "Ndiyo, mwalimu!" Kiitikio hicho cha darasa zima hakisemi nani ameachwa nyuma. Ukimya nao una mengi. Katika Kidato cha Kwanza nchini Tanzania, lugha ya kufundishia inapobadilika kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, mwanafunzi anaweza kulijua jibu akakosa maneno ya kulitoa. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walichangia.

Andalio lina thamani yake, hasa kwa mwalimu mgeni kazini, maana asiyejua anakoelekea hawezi kutambua kuwa darasa limepotea. Lakini mwalimu anayepimwa kwa mada alizomaliza huzoea kutoona. Msongamano huzidisha hali hiyo: darasa likipita mbali kipimo cha wanafunzi 45 kwa mwalimu 1 katika shule za msingi, hata kupita kati ya madawati huwa taabu.

Mwishoni mwa andalio kuna nafasi ya tathmini na maoni, ambayo mara nyingi hujazwa kwa maneno yaleyale: somo limeeleweka. Mthibiti ubora wa shule angeanzia hapo, amuulize mwalimu ni wapi aliliacha andalio lake, aliona nini, na kwa nini aliamua hivyo. Mwalimu mwenye majibu hayo hastahili kuandikiwa upungufu kwa kutomaliza mada.