Aliyepotea Naye ni Mtoto wa Mtu

Siku hizi senema haiko mbali na mtu. Toka Sirari mpaka Mugumu viko vibanda umiza, na kijana asiyekwenda kibandani hutazama picha katika simu yake. Katika nyingi za picha hizo nabii wa uongo hujulikana mara atokeapo. Ana pete kubwa, ana nyoka chini ya madhabahu, na mwisho huanguka, watu wakashangilia. Picha hizo zafurahisha. Lakini je, zatufundisha kumtambua nabii huyo akija kijijini kwetu? Naona hazitufundishi. Basi leo na tuwatazame Wajapani, maana wao walijifunza jambo hili kwa machozi.

Huko Japani palikuwa na dini iliyoitwa Aum Shinrikyo, chini ya mtu aliyejiita Shoko Asahara. Tarehe 20 Machi 1995 wafuasi wake walitoa sumu iitwayo sarini ndani ya treni zipitazo chini ya ardhi mjini Tokyo. Watu 13 walikufa na maelfu wakaumia. Wa 14 aliugua miaka 25, akafariki mwaka 2020. Na waliotoa sumu hiyo hawakuwa wajinga. Mmoja alikuwa daktari wa moyo, na wengine walisoma sayansi vyuo vikuu.

Kabla ya hapo, televisheni ilimfanyaje Asahara? Ilimwalika katika vipindi vyake, watu wakamtazama kama kichekesho. Tena liko baya kuliko hilo. Mwaka 1989 wakili Tsutsumi Sakamoto alieleza maovu ya dini hiyo mbele ya kamera za televisheni ya TBS. TBS ikawaonyesha wakubwa wa Aum maneno yake kabla hayajatangazwa, wala haikumwonya wakili. Siku chache baadaye, mwezi wa Novemba, yeye, mkewe na mtoto wao mdogo waliuawa usiku nyumbani kwao. TBS ilikiri jambo hilo mwaka 1996.

Baada ya msiba wa Tokyo, kicheko kiligeuka kuwa hofu, na wafuasi wote wakaonyeshwa kama mashetani. Ndipo watengenezaji wachache wa senema wakashika njia nyingine. Tatsuya Mori aliingia na kamera katika nyumba za wafuasi waliobaki, na mwaka 1998 akatoa picha iitwayo "A". Hirokazu Kore-eda akatoa "Distance" mwaka 2001. Hii ni hadithi ya kubuni, juu ya watu wanne ambao jamaa zao waliingia katika dini moja, wakatia sumu katika maji ya mji, kisha wakafa. Kila mwaka wanne hao huenda ziwani kuwakumbuka. Hamna nyoka humo, wala pete. Mna watu waliobaki, na kila mmoja ajiuliza moyoni: ndugu yangu alipoanza kubadilika, mimi nilikuwa wapi?

Swali hilo si la Wajapani peke yao. Sisi wa Tarime tu majirani wa Kenya, na mwezi wa Aprili 2023 tulisikia habari za msitu wa Shakahola, huko Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu ambao yasemekana waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mwaka 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishitakiwa kwa ugaidi, na kwa mauaji ya watoto 191, wakakana. Katika siku zile televisheni ilitupa hesabu: leo kumi, kesho ishirini. Hesabu ilihitajiwa, lakini hesabu haina mama. Katika daftari la ubatizo sisi makarani huandika jina la mtoto, la baba, la mama na la msimamizi. Atakayetengeneza senema ya Shakahola na aanze hapo, kwa majina na kwa nyumba walizotoka.

Maana watu wale hawakuanza kwa kufunga mpaka kufa. Mackenzie alihubiri kwamba shule ni mbaya, na hospitali vilevile. Kwanza mtoto alitolewa shuleni, kisha dawa ikakataliwa, kisha jamaa wakaachwa, na mwisho watu wakahamia msituni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi mzazi wa Tarime au wa Serengeti asingoje kumwona nabii mwenye pete kubwa. Na aangalie nyumba ambayo watoto wameacha shule bila sababu, au mgonjwa amenyimwa dawa kwa jina la Mungu. Na aende kubisha hodi, si kucheka, na ikiwa maisha ya mtoto yamo hatarini amwambie mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo.

Na liko jambo la pili, gumu zaidi. Wako watokao katika dini kama hizo wakiwa hai, wamekonda, hawana shamba wala ng'ombe, maana waliuza vyote. Mtu kama huyo akisimama mlangoni, wengi humwita mwendawazimu mbele ya watoto wake. Akifukuzwa kwao atakwenda wapi, ila kurudi kule alikotoka? Mpeni maji ya kunywa na mahali pa kulala. Maswali mtamwuliza kesho, akiisha kula.