Umefunga, Lakini Sahani Yako Imekwenda Wapi?

Leo nina neno kuhusu Kwaresima, msimu unaotutayarisha kwa Pasaka. Najua wengi wenu mkisikia Pasaka mnawaza chapati, kuku na likizo. Siwalaumu, hata tumbo langu linaijua Pasaka vizuri! Lakini kabla ya chapati kuna kufunga, na hapo ndipo tunapokosea.

Kwaresima huanza Jumatano ya Majivu. Majivu yale hutokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, yakachomwa. Tangu siku hiyo hadi Pasaka, ukiziacha Jumapili, ni siku 40, kama zile ambazo Yesu alifunga jangwani. Wakristo tunaagizwa mambo matatu: kusali, kufunga na kutoa sadaka. Ni matatu, si mawili.

Sasa sikilizeni kisa changu. Mwaka wa 2025 nilikuwa kidato cha pili. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, na wenzetu Waislamu walikuwa ndio wameanza Ramadhani. Mimi nami nikajiapiza kutokula chakula cha mchana kila Ijumaa. Hakuna aliyenilazimisha. Katika Kanisa Katoliki sheria ya kufunga huwahusu waliotimiza miaka 18. Sisi tuliotimiza miaka 14 tunaagizwa kuacha nyama tu siku za Ijumaa. Lakini jamani, kwa githeri yetu ya shule, nani atajisifu ati ameacha nyama?

Basi kengele ya saa saba ilipolia, nikaenda kukaa nyuma ya maabara. Nikamkuta mwenzangu wa darasani. Nikamwambia kwa majivuno, "Leo nimefunga."

Akacheka kidogo. "Wewe unafunga Ijumaa. Mimi nafunga Jumatatu hadi Ijumaa, na Pasaka yangu sijui itakuja lini."

Niliona haya! Kumbe siku zote alipotuambia ati hapendi githeri, kwao pesa za lanchi hazikuwepo. Na sahani yangu niliyokuwa nimelipiwa na mama? Ilichukuliwa na jamaa mmoja ambaye tayari alikuwa ameshiba yake.

Hoja yangu ni hii: ukifunga na chakula chako kisimfikie mwenye njaa, hujafunga, umekosa kula tu. Na ukizitia pesa hizo mfukoni, umeweka akiba. Nabii Isaya, katika sura ya 58, alikwisha kuwakaripia watu waliofunga huku wamewasahau wenye njaa. Waislamu nao wana zaka ya fitri, inayotolewa kabla ya sala ya Idi ili maskini naye ale siku hiyo. Kwa nini sisi tufunge kwa ubahili?

Wapo watakaosema kwamba sadaka tunatoa kanisani. Ni kweli, na inasaidia. Lakini sadaka ya Jumapili haimwoni aliye nyuma ya maabara siku ya Ijumaa. Wengine watasema kwamba kumpa mtu chakula ni kumwaibisha. Hapo nakubali kabisa, tena kumpa mbele ya watu ni kama kumvua nguo. Ndiyo maana Ijumaa iliyofuata nilimwendea mwenzangu polepole nikamwambia, "Nichukulie sahani yangu. Leo mimi ndiye sipendi githeri." Alinielewa. Hatukuzungumza habari hiyo tena.

Ombi langu kwa walimu na viranja ni dogo tu. Ijumaa za Kwaresima, anayefunga aandike jina kwa mwalimu wa zamu asubuhi. Sahani zile zitolewe kimyakimya kwa ambao hawakulipa, bila kuitwa majina gwarideni. Haitatugharimu hata senti moja, kwani chakula kimekwisha kulipiwa.

Usiku wa Mkesha wa Pasaka kanisa huwa giza. Mshumaa mmoja mkubwa huwashwa, kisha waumini wakapokezana moto, mmoja kwa mwingine, hadi kanisa lote likawaka. Na ule mshumaa wa kwanza haupungukiwi na mwanga kwa kugawa. Nami sikufa kwa kukosa githeri Ijumaa zile.

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Pasaka ijayo itukute tumeshiba sote.